Laptop ya GB 4: Windows 10, Windows 11, Linux Mint au ChromeOS Flex?

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi zinafanana: Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 5, diski ya kuzunguka ya GB 500, na RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 4 ambayo muuzaji atakuapia kuwa inatosha. Huenda inatosha kweli. Inategemea umepakia nini humo, maana mfumo endeshi (Windows, Linux na wenzake) ndio wa kwanza kujipakulia, na programu zako hula kilichobaki kwenye sufuria.

Takwimu za hapa ni za kawaida kwa mashine ya GB 4 yenye mfumo uliopakiwa upya. Yako ikipishana kwa MB 200 juu au chini si ajabu, kwani draiva na programu za kiwandani hutofautiana.

Kupima bila kujidanganya

Ubishi mwingi kuhusu RAM unaanzia kwenye namba isiyofaa. Kwenye Windows, usipime baada ya kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down huku Fast Startup imewashwa, kiini cha mfumo na draiva zake havifungwi. Vinaandikwa kwenye faili la hiberfil.sys na kurudishwa vilivyokuwa ukiwasha tena, na uchafu wa juzi unarudi navyo. Bonyeza Restart, kisha iache mashine dakika kumi ili Defender, kinga ya virusi ya Windows, imalize kukagua na masasisho yatulie. Halafu Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ingia Performance, kisha Memory.

Usiishie kwenye asilimia. Soma mstari wa "Committed", unaoandikwa kwa mfano 2.9/6.2 GB. Namba ya kwanza ni kumbukumbu ambayo mfumo umeziahidi programu. Ya pili ni kikomo cha ahadi hizo, yaani RAM yako pamoja na faili la pagefile.sys lililo kwenye diski. Zikikaribiana, programu itakayofuata kuomba inaweza kunyimwa hata kama RAM yenyewe haijafika asilimia 100.

Kwenye Linux fungua dirisha la amri uandike free -h. Safu ya "free" ndiyo inayowatisha wageni, kwa sababu baada ya saa moja ya kazi huwa imebaki na MB mia chache tu. Iache, soma "available". Tofauti ya hizo mbili kwa sehemu kubwa ni akiba ya mafaili yaliyosomwa karibuni, ambayo mfumo umeyaacha kwenye RAM ili yasisomwe tena diskini. Ni kama mwenye duka kuweka sukari na unga karibu na kaunta: vinachukua nafasi, lakini nafasi ikihitajika vinaondolewa mara moja. Windows hufanya vilevile, na akiba hiyo huiita "Cached". Kwa hiyo kabla ya kutangaza mshindi, hakikisha hujahesabu akiba upande mmoja ukaisahau upande wa pili.

Na GB 4 ya kwenye kibandiko si GB 4 ya kazi. Kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa haina RAM yake, inamega ya mashine. Kwenye baadhi ya laptop za AMD humegwa hata GB 1 tangu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), na Task Manager huionyesha kama "Hardware reserved". Ukikuta umebakiwa na GB 2.9, ingia BIOS utafute ukubwa wa kumbukumbu ya picha, uishushe hadi MB 256 kama huchezi magemu. Si BIOS zote zinazoruhusu, ila kuangalia hakukugharimu kitu.

Windows 10

Ikiwa imetulia, Windows 10 ya biti 64 hula kama GB 1.6 hadi 2.1. Microsoft waliandika GB 2 kuwa kiwango cha chini, na mwenye GB 2 anajua vizuri maana ya neno "chini". Kwenye GB 4 inabebeka, na kinachoibeba zaidi ni kubana kumbukumbu: tangu 2015, kurasa za RAM (vipande vidogo ambavyo mfumo huigawa) ambazo hazijaguswa kwa muda hubanwa na kubaki humohumo kabla ya kufikiriwa kupelekwa diskini.

Hapo ndipo mafundi wengi huharibu wakidhani wanatengeneza. Ushauri maarufu ni kuzima huduma ya SysMain, ile iliyokuwa ikiitwa Superfetch, eti inachosha diski. Kubana kumbukumbu kunategemea huduma hiyohiyo. Ukiizima ukawasha mashine upya, umeondoa kinga ambayo GB 4 inaihitaji kuliko yeyote. Kuhakiki, fungua PowerShell kama msimamizi uandike Get-MMAgent. Mstari wa MemoryCompression unatakiwa kusoma True. Ukisoma False, rudisha SysMain iwe Automatic, andika Enable-MMAgent -mc, kisha Restart.

Ushauri wa pili mbovu ni kuzima pagefile "ili mashine itumie RAM tu". Kumbuka kikomo cha ahadi: ukiifuta, kikomo kinashuka kutoka GB 6 hivi hadi chini ya GB 4, na Chrome itaanza kuua vichupo (tabs) huku Task Manager ikionyesha nafasi bado ipo. Iache Windows ijipangie yenyewe. Nazo programu za "kusafisha RAM" hazisafishi chochote. Hulazimisha programu zilizofunguliwa ziachie kurasa zao, namba inashuka, unafurahi, kisha ukirudi kwenye Word inabidi kurasa zilezile zirudishwe moja baada ya nyingine.

Tatizo la Windows 10 leo liko nje ya RAM: msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walipewa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Kwa mashine inayoingia benki mtandaoni, hiyo si muda mrefu.

Windows 11

Ilitoka 5 Oktoba 2021 ikidai GB 4 za RAM, GB 64 za diski, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache. Laptop tunayoizungumzia haimo. Fundi ataipakia kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus yenye kuruka masharti, na itawaka. Ila masasisho makubwa ya kila mwaka mara nyingi hayatakuja yenyewe, utarudi kwa fundi na flashi.

Ikiwa imetulia hula GB 2.3 hadi 2.8. Nyongeza hiyo inatoka wapi? Panga orodha ya Task Manager kwa ukubwa wa kumbukumbu utaona: michakato (programu zinazokimbia) kadhaa ya msedgewebview2.exe. Paneli ya Widgets ni kivinjari kilichofichwa, na kila kivinjari kina familia. Zima Widgets kwenye mipangilio ya Taskbar. Kisha ingia Edge, sehemu ya System and performance, zima Startup boost na ile ruhusa ya viongezi kuendelea kukimbia Edge ikiwa imefungwa. Ondoa OneDrive kwenye orodha ya vinavyojiwasha kama huitumii. Utapata MB mia mbili tatu, ambazo kwenye GB 4 zinahisika. Lakini usitegemee zaidi ya hapo, na usipakue "Windows 11 nyepesi" zilizokatwakatwa na watu wasiojulikana. Huwezi kujua waliongeza nini walipokuwa wakipunguza.

Kwenye GB 8 na SSD (diski isiyozunguka), Windows 11 ni mfumo mzuri. Kwenye GB 4 na diski ya kuzunguka ni adhabu.

Kwa nini inaganda

Hesabu hii inaeleza zaidi kuliko takwimu zote za hapo juu. Diski ya laptop inayozunguka mara 5400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, hivyo kwa wastani inasubiri nusu ya mzunguko, kama 5.5. Ongeza milisekunde 12 hivi za kichwa kusogea mahali pake. Kila kusoma mahali papya ni milisekunde 17 na ushee, yaani chini ya mara 60 kwa sekunde. Ukurasa wa kumbukumbu ni KB 4. RAM ikijaa na kurasa zimesambaa diskini, diski inakurudishia chini ya KB 240 kwa sekunde. MB 300 za kichupo ulichokiacha tangu asubuhi ni kurasa 76,800. Zikisomwa mojamoja hivyo ni zaidi ya dakika 20. Mfumo hujitahidi kusoma kwa mafungu, kwa hiyo mara nyingi haifiki huko, lakini sasa unajua kwa nini taa ya diski inawaka bila kupepesa na kishale hakisogei.

SSD ya SATA, hata ya bei rahisi, husoma maelfu ya mahali kwa sekunde. Kurasa zilezile zinarudi kwa sekunde chache. Ndiyo maana laptop mbili zenye RAM sawa na mfumo sawa zinaweza kuwa kama usiku na mchana.

Linux Mint Xfce

Mint 22 ilitoka 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na masasisho yake yanafika 2029. Toleo la Xfce, lenye muonekano mwepesi, likitulia hula MB 700 hadi 900. Toleo la Cinnamon, lenye urembo zaidi, hupita GB 1 na linaweza kufika 1.3. Kwa GB 4 chukua Xfce bila kusitasita.

Ukilinganisha na Windows 11, umeokoa kama GB 1.6, na hapo kuna jambo ambalo mashabiki wa mifumo miepesi hulisahau: kivinjari hakijui kimepakiwa wapi. Tangu Chrome 67 ya mwaka 2018, kila tovuti hutengewa mchakato wake kwa ajili ya usalama, na WhatsApp Web, Gmail na YouTube zikiwa wazi pamoja zinaweza kula GB 1 au zaidi kwenye mfumo wowote ule. Kwa hiyo hizo GB 1.6 ni vichupo halisi. Lakini kutoka Xfce kwenda chini zaidi faida inapungua haraka. Lubuntu, Linux nyingine nyepesi, itakupunguzia MB mia moja au mbili. antiX, nayo Linux nyepesi, inashuka hadi karibu MB 300, ila unalipa kwa muonekano na usumbufu. Hizo ziachie mashine za GB 2.

Kasoro ya Mint iko pale RAM inapoisha. Linux kwa kawaida huahidi kumbukumbu kwa ukarimu bila kuhesabu kikomo kama Windows, na siku programu zote zikidai ahadi kwa pamoja, kiini cha mfumo kinachagua programu moja ya kuuawa. Tatizo ni kuchelewa: kabla ya kufikia uamuzi huo mashine huhangaika na diski dakika kadhaa, na mtumiaji anaishia kushikilia kitufe cha kuzimia. Dawa ni vitu viwili ambavyo Mint haijawasha yenyewe.

Cha kwanza ni zram, sehemu ya RAM inayotumika kama hifadhi iliyobanwa. Fungua dirisha la amri:

sudo apt install zram-tools

Kisha hariri faili la /etc/default/zramswap uweke ALGO=zstd na PERCENT=60, ukiondoa alama ya # mwanzoni mwa mistari hiyo. Halafu:

sudo systemctl restart zramswap

Hakiki kwa zramctl. Unapaswa kuona kifaa kinachoitwa zram0 cha kama GB 2.2. Asilimia 60 haimaanishi RAM hiyo imekatwa. Inatumika pale tu kinapoingia kitu, na kwa zstd, ile njia ya kubana uliyoichagua, data ya kawaida hubanwa mara mbili hadi tatu. Kwa kuwa sasa kuhamisha ukurasa kunachukua mikrosekunde badala ya milisekunde 17, mruhusu mfumo auhamishe mapema: tengeneza faili la /etc/sysctl.d/99-zram.conf lenye mistari miwili, vm.swappiness=150 na vm.page-cluster=0, kisha uandike sudo sysctl --system. Miongozo ya zamani inayosema ushushe swappiness (kiasi cha mfumo kupenda kuhamisha kurasa) hadi 10 iliandikwa kwa ajili ya diski. Kwenye zram inakuumiza. Kosa la kawaida ni kupakia zram-tools pamoja na zram-config, zikagombania kifaa kimoja. Chagua moja tu.

Cha pili ni earlyoom, kwa sudo apt install earlyoom. RAM iliyopo na hifadhi ya kubadilishia (swap, ambayo hapa ni zram) zote zikishuka chini ya asilimia 10, inaua mchakato mnene, kwa kawaida kichupo kimoja cha kivinjari. Utakasirika kuona kichupo kimekufa, lakini barua uliyokuwa ukiiandika itakuwa bado ipo.

Mint pia haishushi masasisho makubwa bila ruhusa yako, na kwa anayeishi kwa bando la simu hilo nalo lina uzito. Kwenye Windows walau weka mtandao huo kuwa "metered".

Ukitaka kuweka Mint pembeni ya Windows, zima kwanza Fast Startup. Usipofanya hivyo, Mint itakuta sehemu ya Windows imefungwa nusunusu na itaisoma bila kukuruhusu kuandika.

Na kama kazi yako ni programu za uhasibu kama Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta, baki Windows. Kuendesha Windows ndani ya Linux kwa mashine pepe kwenye GB 4 ni kupika pilau kwenye kikombe.

ChromeOS Flex

Ni mfumo unaojengwa kuzunguka kivinjari cha Chrome. Google wanaitoa bure tangu 2022, inadai GB 4 za RAM na GB 16 za diski. Kwa kuhimili RAM ndogo ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote ikitoka kiwandani: zram imewashwa tangu siku ya kwanza, na vichupo vya zamani huachiliwa taratibu kabla hali haijawa mbaya, kisha hupakiwa upya ukivirudia. Ubaya wake ndio huohuo: kupakiwa upya ni bando, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea.

Haina Play Store, kwa hiyo anayenunua akidhani atapata programu za simu atavunjika moyo. Inafuta diski yote, haikai na Windows. Inafaa kwa mwanafunzi au ofisi inayoishi kwenye Google Docs na yenye intaneti ya kudumu. Anayefanya kazi na printa ya zamani au mafaili mazito ya Excel aiache. Unaweza kuijaribu kwa flashi ya GB 8 bila kugusa diski kabla ya kuamua.

Kuhusu Mac kwa kifupi: zinabana kumbukumbu tangu OS X Mavericks ya 2013, na Activity Monitor ina grafu ya shinikizo la kumbukumbu ambayo ni kipimo cha kweli kuliko asilimia yoyote. Ikiwa ya kijani, usihangaike na namba. Ila kwenye MacBook za miaka ya karibuni RAM imechomelewa, unachonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Kabla ya kubadili mfumo, fungua mfuniko

Nafasi ya pili ya RAM ikiwa tupu, kipande cha GB 4 kitafanya zaidi ya mfumo wowote. Laptop za HP EliteBook 840 G1 na G2 zinatumia RAM ya aina ya DDR3L, G3 inatumia DDR4. Hazibadilishani: DDR3L ya laptop ina pini 204, DDR4 ina 260, na pengo la katikati liko mahali tofauti. Herufi L ndiyo inayosahaulika. DDR3 ya kawaida ni volti 1.5, DDR3L ni 1.35, na zinaingia kwenye nafasi moja bila kupingana. Laptop za kizazi cha 4 na cha 5 zilizotengenezwa kwa 1.35 zikipewa ile ya 1.5 haziwaki, zinalia au kupepesa taa tu, na watu wanadhani ubao umekufa. Kwenye kibandiko cha kipande tafuta "PC3L", si "PC3". Kujua kilichomo bila kufungua, kwenye Linux andika sudo dmidecode -t memory, kwenye Windows tumia CPU-Z.

Ondoa chaja na betri, ingiza kipande kwa mshazari, kisha kisukume chini hadi vishikizo vya pembeni vilie. Mashine isipowaka, kitoe, safisha pini kwa kifutio cheupe cha penseli, rudisha. Ikiwaka, usifurahie kabla ya kuendesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi kwa mzunguko mmoja kamili, kazi ya kama saa moja au mbili. Mstari mmoja tu mwekundu ukitokea, kirudishe dukani kabla risiti haijapotea.